Fondo Kalume, Kati ya Mti na Saruji

Baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya Changamwe, Bwana Fondo Kalume anaweka patasi chini tarehe 30 Novemba 1963. Nchi nzima inangoja Uhuru kwa ngoma. Kwetu meza moja ya kazi inabaki tupu, na wallahi hatuna furaha.

Alianza kwa kuchonga miguu ya vitanda, kisha akapewa wanyama wa kuuzia watalii. Twiga hakuwa amemwona maishani, na wale wa mwanzo walitoka na shingo za ng'ombe. Walinunuliwa vivyo hivyo, naye akacheka kuliko sisi sote.

Mwaka 1958 hoteli moja ya Shanzu iliagiza vigango vya kupamba bustani. Kigango, kwao Wagiriama, ni nguzo ya mti yenye umbo la mtu, husimikwa kwa ajili ya marehemu mwenye heshima yake. Fondo alikataa katakata kuvichonga kwa mti. Saruji alikubali.

"Kwenye mti ni mtu," alituambia. "Kwenye saruji ni pambo tu, bwana."

Akatengeneza kalibu, akamimina nguzo za kutosha bustani nzima, na wageni wakaanikia taulo juu yake bila yeye kununa. Tangu hapo kazi ya saruji ikawa yake, na ndiyo iliyotulisha miaka mibaya.

Nduguye mkubwa, Karisa, alikuwa amefariki zamani. Mwaka 1960 mchwa walikimaliza kigango chake. Fondo, aliyetufundisha sote tofauti ile, alizidiwa na mapenzi: alimimina kigango cha saruji, akakipeleka nyumbani Kaloleni na kukisimika mwenyewe. Alirudi akijigamba kwamba safari hii mchwa watavunjika meno. Haukupita muda, Jumwa, mjane wa Karisa, akaja hadi mlangoni mwa karakana. Hakuketi, wala maji hakunywa.

"Shemeji, mti huoza, mtu akapumzika," alisema. "Huyu wako atapumzika lini?"

Na kwao, kilichosimikwa haking'olewi.

Tangu siku ile Fondo hakuimba tena kazini. Alirudi kwenye mti, lakini vumbi la saruji lilikuwa limeshamharibu macho. Patasi ikawa inamkata vidole, hata daktari akamwambia aache. Ndiyo maana anaondoka kabla ya wakati wake. Inatuuma, na hatuna maneno ya kulipamba jambo hili.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tukidhani atasema saa ya ukutani, alitaka gogo la muhuhu. Jumwa amekubali kigango kingine kisimikwe kando ya kile, mradi kiwe cha mti na kichongwe kwa mkono wa ndugu, si wa mtu mwingine. Gogo limeshapakiwa kwenye lori.

Ahsante, Fondo, kwa kazi, kwa utani na kwa kutuvumilia. Tunakutakia maisha mema, na macho ya kutosha kukimaliza hicho kimoja.