Fundi Rangi na Waya Alioukana

Jamaa, majirani na mafundi wenzake mliofika, ninayesoma ni dada yake marehemu, kitindamimba wa mama yetu, yule ambaye yeye mwenyewe alisema mdomo wake hauna breki. Kanitwisha mzigo. Aliniambia hospitalini, "Mdogo wangu, usinirembe. Sema na lile." Basi nitasema na lile, ingawa uso sina pa kuuweka.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano wa baba mshona viatu na mama mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha shule ya ufundi, ambako alihitimu Novemba 1970 katika fani ya redio na televisheni. Darasani alifaulu kila kitu isipokuwa kuimba. Mama alikuwa akimwomba asiimbe hata bafuni.

Alianza kazi kwenye karakana ya televisheni iliyotazamana na stesheni, akakaa hapo miaka mingi, hadi alipoajiriwa kuwa fundi wa chuo cha hapa mjini mwaka 1983. Jumamosi ya tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na wifi yangu huyu mnayemwona, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Pamoja na mke alipata shemeji, kaka wa wifi yangu, mtu mpole asiyejua kugombana. Walipendana kama waliozaliwa tumbo moja. Kaka ndiye aliyemwingiza chuoni, akapewa kutunza chumba cha kompyuta.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kuukuu za kupewa, zile za nyumbani za zamani ambazo mashine nzima imo ndani ya kibodi, unaichomeka kwenye televisheni. Televisheni chuo hakikuwa nazo. Kilikuwa na monita, nazo kuukuu, zilizotoka kwenye ofisi iliyofungwa. Plagi za huku haziingii matundu ya kule. Ukilazimisha, picha inakuja imelala, au kijani tupu, mtu hajulikani na majani. Kaka akajifungia na koleo na lehemu, akawa anatengeneza nyaya za kuzipatanisha, kila kompyuta na monita yake. Siku moja alimwita wifi yangu mbio, "Njoo uone! Njoo uone nyekundu!" Wifi akaacha sufuria motoni, akakimbia, akakuta mraba mmoja mwekundu kwenye kioo. "Ndiyo hiki?" "Ndiyo hiki!" Chakula kiliungua, na kaka akapata jina la Fundi Rangi. Wapo waliokuja mlangoni na ndoo wakitaka kuta zao zipakwe rangi.

Sasa lile. Alhamisi ya tarehe 17 Juni 1999 chuo kilikuwa na wageni wakubwa, na kompyuta iliyokuwa ionyeshwe haikuwa na waya. Kaka aliutengeneza haraka haraka. Mchoro wa tundu huchorwa ukitazamwa kwa mbele, lakini fundi huunganisha akiwa nyuma yake, kwa hiyo pini ya kushoto inakuwa ya kulia. Kila fundi wa nyaya hizi anajua hilo. Kaka alilijua kuliko wote, na siku hiyo akasahau kugeuza. Umeme ukapita kwenye njia ya rangi. Shemeji alizima kila kitu kama alivyofundishwa, akachomeka, akawasha, na moshi ukatoka mbele ya wageni.

Mkuu wa chuo akafoka, "Umechomeka ikiwa inawaka, sivyo?"

"Nilizima, mkuu," shemeji akasema. Halafu, maana ni mtu asiyejiamini, akaongeza, "Nadhani nilizima."

Mkuu akamgeukia kaka. "Fundi, waya wako una kasoro?"

"Waya wangu nimeupima," kaka akajibu. Hakuwa ameupima, jamani. Nyumbani alifungua plagi, akaona kosa lake kwa macho yake, akaukatakata waya na kunyamaza. Shemeji alifukuzwa wiki ile ile, akaishia kupakia na kupakua magunia.

Na sisi je? Sisi tulicheka. Mnajua mzaha wetu, "Shemeji asiguse!" Taa ikizimika, shemeji asiguse. Redio ikikoroma, shemeji asiguse. Watoto wameukuta mzaha huo, wakaurithi. Shemeji alicheka nasi, kisha nyumbani kwake akawa hachomeki hata pasi, anamwita mkewe. Mtu mzima, kwa miaka ishirini na minne, ameamini mikono yake ina nuksi. Kaka naye alikuwa akicheka mezani pamoja nasi. Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Baada ya kaka kustaafu mwaka 2011, wapenzi wa kompyuta za zamani walimtumia mashine zao kutoka mbali awatengenezee nyaya. Kila waya aliupima, akaupumzisha, akaupima tena. Wakamsifu kwa uangalifu. Sifa hizo zilikuwa zikimchoma, sasa ndiyo naelewa.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2022. Alipolazwa, shemeji ndiye aliyekuwa akija kumnyoa ndevu. Siku moja nilikuwepo. Kaka alimshika mkono, akasema, "Shemeji, kuna jambo." Shemeji akasubiri na wembe wake. Kaka akatazama dari, akasema, "Naomba maji." Akapewa maji. Shemeji alipotoka, kaka akalia, ndipo akaniambia yote. "Nilimchafua mbele za watu. Nimsafishe vivyo hivyo. Nikishindwa, utanisemea." Alishindwa. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, alfajiri.

Familia tulikaa. Mwanawe wa kiume aliniambia, "Shangazi, aibu hii si tumzike nayo tu?" Nikamjibu, "Tukimzika nayo, mjomba wako ataendelea kuibeba." Wifi yangu alisema neno moja, "Kumbe." Tukakubaliana habari hii ichapwe kwenye ratiba ya mazishi, isomwe mbele ya watu.

Hili halimo kwenye ratiba: leo asubuhi nilikutafuta, shemeji, usikie kabla ya watu. Nikakukuta hapa hapa, umevua koti, uko ndani ya shimo unamchimbia kaburi. Nikarudi nyuma, nikaondoka.

Basi sikia sasa, na wote wasikie. Ulizima. Kila kitu ulikifanya sawa. Waya ndio ulikuwa mbovu, na aliyeutengeneza alijua. Mikono yako haina kosa, haikuwahi kuwa nalo.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, ndugu watatu nikiwemo mimi, na shemeji mmoja ambaye marehemu alimkosea.

Huwa tunamaliza kwa kumwombea marehemu apumzike kwa amani. Sisi wa nyumba hii leo tutanyamaza. Shemeji, neno hilo ni lako. Likikutoka, tutaitikia. Lisipokutoka, tutafukia kaburi kimya kimya, na hakuna atakayekulaumu.