Atuganile Aliyesokotea Meli Kamba

Wachungaji, wazee, na ninyi majirani mlioacha mashamba yenu kuja kutushika mkono, familia inaomba mtusikilize kidogo.

Mama yetu Atuganile alizaliwa Ikuti tarehe 4 Mei 1938, mtoto wa tatu wa mzee Ambilikile, akasoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, akaachishwa mama yake alipofariki ili alee wadogo zake, na kwa shangazi yake akajifunza kusokota kamba za katani.

Tarehe 12 Agosti 1958 alifunga ndoa hapa Mpuguso na Anyelwisye, baharia wa meli za Ziwa Nyasa bandarini Itungi, wakajaliwa Lusungu mwaka 1960 na Agness mwaka 1963. Anyelwisye alizoea kubeba kamba fupi za mkewe kwenda nazo kazini, za kufungia mapipa, makasia na maturubai sitahani ili mawimbi yasiyatawanye, mabaharia wenzake wakazipenda, na kwa miaka mingi mama akawa akisokota baada ya shamba, hata viganja vyake vikawa vigumu kama gome.

Mwaka 1991 Anyelwisye alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, na kwa kuwa biashara ilikwisha kuachiwa huria na watu binafsi wameingia ziwani, akapata kazi kwenye boti ya tajiri mmoja. Tarehe 9 Julai 1993, upepo wa mwera ukivuma, pipa la mafuta lilibingirika sitahani likambana, akafa kabla hawajafika pwani. Wenye boti walileta maiti na neno moja tu, kwamba kamba imekatika. Nsajigwa, shemeji yake mama, akamwambia mbele ya watu msibani, "Kamba zako ndizo zilizomuua kaka yangu," na kabla mwezi haujaisha akamwondoa kwenye nyumba na migomba.

Mama alirudi Ikuti, akachuma chai kwenye mashamba ya watu, hakusokota tena, na yeye mwenyewe akaanza kuamini aliyoambiwa.

Mwezi Septemba 1996 baharia wa boti ile aitwaye Lukasi alimfuata shambani, akasimama kati ya michai kofia mkononi, akasema, "Mama, kamba haikukatika. Tajiri alituharakisha tung'oe nanga, mapipa hatukuyafunga kabisa."

Mama aliketi chini palepale, kisha akasema, "Ndaga, asante, mwanangu. Sasa twende ukayaseme kwa Nsajigwa, mimi nimechoka kusema."

Wakaja. Nsajigwa alisikiliza mbele ya wazee wa kanisa, akalia, akamwomba arudi nyumbani. Mama alirudi, ila madukani Tukuyu zilikwisha kujaa kamba za nailoni, na Agness alipomsihi asokote japo za kufungia ng'ombe, alijibu, "Niacheni nikae."

Tangu mwaka 1998 alisumbuliwa na moyo, miguu ikivimba, na safari zote za hospitali ni Nsajigwa aliyempeleka, akamnywesha uji, akakesha naye. Jioni ya tarehe 17 Machi 2000 mama alimtazama akisinzia kwenye benchi, akamwambia, "Nawe kapumzike, shemeji, umehangaika sana." Hakusema lingine, akafariki alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, akina mama wa kanisa, majirani wa Ikuti na Mpuguso, wachuma chai wenzake, na Lukasi aliyesafiri kutoka Itungi kuwa nasi leo.

Mama, kazi umeifanya, na lawama zimekwisha. Pumzika kwa amani.