Lackson Chileshe na Makipa Wawili Mizanini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1978, Bwana Lackson Chileshe anakabidhi mizani ya ghala letu la samaki hapa Nchelenge, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Aliingia mwaka 1951 kama mbeba vitunga, akawa mpimaji mwaka uliofuata, na tangu hapo ni samaki wachache waliotoka ufukoni kwetu kwenda Mansa bila kupita mbele ya macho yake. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa nusu yetu hapa ghalani tulivuka Ziwa Mweru kutoka Kongo. Bi Dorica wa biro, yaani ofisi yetu, atayasoma haya kwa Kibemba siku ya sherehe, na nimemwomba asipunguze neno.

Wasifu wa mstaafu huwa unamsifia mtu unyenyekevu. Huu hautafanya hivyo. Lackson hakuwahi kuwa mnyenyekevu hata asubuhi moja. Alijiita mpimaji bora kuanzia Chienge mpaka Mwansabombwe, na aliyebisha aliambiwa alete mpimaji wake. Mfanyabiashara akimletea gunia linalochuruzika maji, alilisukuma kwa mguu na kusema, "Toa ziwa kwanza, ndipo tupime samaki." Samaki mbichi na mkavu hawakukaa kitunga kimoja mbele yake. Aliwafukuza wakubwa kwa kosa hilo, pamoja na padri mmoja.

Jumapili alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa katibu wa Kombe la Ufukoni, mashindano ya mpira ya watu wa samaki: timu ya ghala letu, timu ya Chienge, ya Kilwa, kisiwa cha ziwa letu, ya Mwansabombwe, na ile ya wafanyabiashara kutoka upande wa Kongo. Matokeo ya kila mchezo tangu 1952 aliyahifadhi yeye. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka katika jaribio kubwa kuliko yote niliyoyaona ufukoni hapa, na siwezi kuandika wasifu wake nikaliruka.

Mwaka 1974 tulijenga jukwaa la watazamaji, la mbao na paa la bati. Kamati ikakubaliana lipewe jina la golikipa bora aliyewahi kucheza katika Kombe. Mahali pengine wangemtafuta mfungaji. Watu wa nyavu wanajua thamani ya kinachozuiwa kupita.

Majina yalibaki mawili. Wa kwanza alikuwa Zéphirin Nkulu wa Pweto, aliyelinda goli la wafanyabiashara katika miaka ya hamsini, na ambaye sasa huvuka na mashua yake ya samaki wa chumvi, tumbo likiwa mbele yake. Wa pili alikuwa Mubanga, golikipa wa ghala letu, kijana mrefu mwenye mikono kama makasia. Mubanga ni mtoto wa Ennie, dada yake Lackson. Kwa watu wa ufuko huu mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba. Tena Lackson alikuwa mjane, na kila jioni alikula kwa Ennie. Kamati ilimkabidhi hukumu huku ikijua yote hayo, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na hesabu.

Sisi tuliovuka wakati wa vita tulikuja na vichache vya kujivunia. Jina la Zéphirin lilikuwa kimojawapo.

Jumapili ya kwanza, baada ya misa, Lackson alipanda jukwaani na kutangaza. Katika kila michezo mitano, alisema, Mubanga alifungwa magoli manne. Zéphirin alifungwa kumi. Nani anahitaji kuelezwa zaidi? Vijana walimbeba Mubanga mabegani, na kabla ya jua kushuka jina lake lilikuwa limepakwa rangi ya buluu kwenye ubao wa mbele.

Wafanyabiashara wa Kongo hawakupiga kelele. Walianza kufunga mizigo yao, na huo ukimya ulitisha kuliko kelele. Aliyesimama mbele ya Lackson alikuwa Léonie, mama muuza makayabo, wale samaki wa chumvi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amegombana naye kila siku ya soko.

"Tata Lackson," alisema, "leo umetia samaki mubichi na mukavu mu kitunga kimoya."

"Mama Léonie, huu ni mpira."

"Njo vile. Ungekuwa samaki, haungethubutu."

Watu walicheka. Lackson hakucheka. Nilimwona akitazama ubao ule wenye rangi mbichi kama mtu aliyesikia mizani yake ikilia vibaya.

Maana Léonie alisema kweli. Katika miaka ya hamsini timu zilishambulia na watu watano, mabeki wawili waliachwa nyuma kama walinzi wa mahindi, na mpira wa ngozi ukishalowa ulikuwa mzito kama jiwe na utelezi kama kambare. Michezo iliisha sita kwa tano. Siku hizi kila timu imejifunza kujaza watu nyuma, na goli moja linatosha kushinda kombe. Kufungwa magoli mawili mwaka 1954 na kufungwa mawili mwaka 1974 si kitu kimoja. Mpimaji wetu mkuu alikuwa amesahau kutoa ziwa.

Ghala lina desturi ambayo wageni huiona ngumu. Mizani ikigundulika imedanganya, mpimaji huita mizigo yote ya siku hiyo irudi, hupima upya mbele ya watu, na huanza na mzigo wa ndugu yake. Jumatatu asubuhi Lackson alitangaza kwamba Jumapili inayofuata makipa watapimwa upya, kuanzia na Mubanga.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Vijana wa timu yetu walisema wazi kwamba jina likifutwa, jukwaa litageuka kuni. Mashua za Kongo zilikuja chache, na zilizokuja zilifungwa mbali na gati. Katika foleni ya mizani, watu waliozoea kutukanana kwa mapenzi walianza kusalimiana kwa adabu. Sisi wa upande wa pili wa ziwa tunaijua adabu ya namna hiyo. Tuliwahi kuiona kwetu kabla ya kuondoka.

Jumamosi Ennie alikuja ghalani, akiwa bado na unga mikononi. Walisemezana kwa Kibemba mbele yetu sote.

"Ndume yangu, kaka yangu, nimesikia unataka kumvua mtoto nguo hadharani."

"Nataka kupima upya tu."

"Ulipima. Watu walisikia. Rangi imekauka."

"Nilipima vibaya, Ennie."

"Basi kipimo kibaya na kikae! Nani amekufa? Yule Zéphirin ana mashua, ana tumbo, ana nyumba mbili. Mwanangu ana jina hilo moja."

"Jina la kupewa na mjomba wake si jina."

Ennie alijipangusa mikono polepole kwenye chitenge chake. "Ukipanda pale kesho," alisema, "chakula chako kitafute kwingine. Na mrithi umtafute hukohuko."

Kesho yake uwanja ulijaa mpaka kwenye majani. Watu wa Nchelenge upande mmoja, Wakongo upande mwingine, na katikati nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Mubanga alisimama peke yake karibu na goli, mikono kifuani. Lackson alipanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuanza kwa kujisifu.

Alieleza hivi, na ninaandika kama nilivyosikia. Mvuvi hapimwi kwa kitunga chake peke yake. Unauliza ziwa lilitoa nini siku hiyo kwa wengine. Akileta kitunga kimoja siku ambayo wote wamerudi mikono mitupu, ni fundi. Akileta vitatu siku ambayo hata watoto wameleta vinne, alilala chomboni. Na golikipa vivyo hivyo. Katika miaka ya Mubanga, makipa wengine wa Kombe walifungwa matano katika kila michezo mitano, naye akafungwa manne. Ni kipa mzuri. Katika miaka ya Zéphirin, wengine walifungwa ishirini, naye akafungwa kumi. Alizuia nusu ya kilichowapita wenzake.

Hapo upande wa timu ya ghala ulianza kunguruma. Jairos, karani wetu, ambaye si mjinga, alipaza sauti: "Na kama makipa wa zamani wote walikuwa vipofu? Kumshinda kipofu kuna sifa gani?"

Lilikuwa swali la haki.

"Jairos," alisema Lackson, "mizani mbili zikibishana, tunafanyaje?"

"Tunapima jiwe moja kwenye zote mbili."

"Katongo, simama."

Katongo wa Chienge alisimama, mzee mwenye magoti yaliyopinda. Huyu alilinda goli la Chienge akiwa bado kijana wakati wa Zéphirin, na hakuacha mpaka Mubanga alipokuwa amekwisha kuanza. Wakati wa Zéphirin alifungwa sawasawa na wenzake. Wakati wa Mubanga, goti moja likiwa limekwisha kuharibika, alifungwa tena sawasawa na wenzake. Kama makipa wa zamani wangekuwa vipofu, alisema Lackson, basi Katongo asingeweza kusimama na hawa wa sasa kwa mguu mmoja.

"Nimeitwa majina mengi," alisema Katongo, "lakini jiwe, leo ndiyo mara ya kwanza."

Kicheko kilipasuka pande zote mbili, na ninaamini kicheko kile ndicho kilichookoa mbao za jukwaa. Lackson hakukingoja kiishe. Alishuka na kopo la rangi nyeupe, akafuta jina la mpwa wake kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Mubanga alimtazama mpaka herufi ya mwisho, kisha akageuka, akapita katikati ya ile nafasi iliyokuwa tupu, akaenda zake.

Zéphirin alikuwa ameketi juu ya magunia yake. Alipoitwa aseme neno alichelewa kunyanyuka. "Miye nilishaka sahau mupira," alisema. "Lakini mutu akikupima, unapenda akupime muzuri." Akakaa tena, akajifuta uso kwa kofia.

Mashua zilirudi gatini wiki hiyohiyo. Bei, ugomvi na matusi ya mapenzi vilirudi pia. Kilichobaki kuvunjika kilikuwa kimoja tu. Ennie alitimiza neno lake. Kwa karibu miaka minne Lackson alikula nyumbani kwangu, akimkosoa mke wangu Colette kila siku kwamba bukari, yaani ugali wa Kongo, ni laini mno, na kila siku akimaliza sahani. Mubanga aliendelea kulinda goli letu na kupeleka mizigo yake mizanini. Alimsalimu mjomba wake kama mtu anavyomsalimu mpimaji, na baada ya hapo alinyamaza. Lackson alipima, akataja uzito, naye akanyamaza. Mimi nilikuwa nikisimama karibu, na kuna siku nilitamani ugomvi.

Ilipotangazwa kwamba anastaafu, tulijiuliza ataishi na nani. Mjane asiye na mrithi hana kijiji cha kurudi.

Jumapili iliyopita, tukiwa tunapanga viti vya sherehe, Mubanga aliingia ghalani na baiskeli. Hakusalimu.

"Yama," alisema, na hilo ndilo neno la mpwa kwa mjomba wake, ambalo hatukuwa tumelisikia muda wote huo. "Nipime tena. Na misimu hii mipya yote."

Lackson aliketi. Sote tuliacha viti. Tulijua kijana amecheza vizuri mno miaka hii, na tulijua pia kwamba mzee alihitaji kutamka neno moja tu ili apate nyumba ya kuzeekea. Nilijikuta nikimwombea aliseme. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, akarudia tangu mwanzo.

"Wenzako wakifungwa matano, wewe unafungwa matatu," alisema mwishowe. "Yule ilikuwa nusu." Alirudisha mikono magotini. "Bado, mpwa wangu. Imebaki kidogo, lakini bado."

Mubanga aligeuza baiskeli ikaelekea mlangoni. Kisha alitabasamu, tabasamu la mama yake.

"Ungesema nimemshinda," alisema, "nisingekuamini tena hata kwa samaki. Panda baiskeli. Mama ameshapika, na amesema bukari ya Wakongo imekukondesha."

Colette amekwisha kujibu tusi hilo, na majibu yake hayafai kuandikwa hapa.

Bwana Lackson, kwa niaba ya wapimaji, wabebaji, makarani na wote wanaofunga mashua zao katika gati hili, tunakushukuru. Nenda ukale kwa dada yako. Tunakuombea afya, amani na jioni ndefu kando ya Mweru, na mrithi wako aifikie ile nusu ya Zéphirin ungali hai kumhesabia.

Camille Kasongo, mtunza ghala