Chupa Iliyolala Kati ya Maini

Marehemu baba yetu mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Hamira, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, chumba cha pili kushoto, katika nyumba ya wapangaji nyuma ya ghala la unga. Mkunga alisimulia kwamba alipiga chafya kwanza, kulia kukafuata.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975. Aliongoza darasa kwa hesabu na kusinzia katika mengine yote, akidai ndotoni hakuna mtihani.

Mwaka 1977 aliajiriwa kiwanda cha mikate, akadumu miaka arobaini na moja. Aliingia alfajiri kwenye wingu la unga, akatoka adhuhuri mweupe, akielea mtaani kama mtu anayeota amesimama. Mikate iliyoungua iligawiwa wafanyakazi. Hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mabinti wawili, na mama mdogo, mshonaji, aliyemwoa tarehe 4 Juni 1983. Mama mdogo anasema alimkubali kwa sababu ya harufu.

Kisukari kilipogundulika mwaka 2009, daktari alimwagiza ale mboga, atembee jioni, apumzike vya kutosha. "Hayo maisha ni matamu, daktari," alijibu. "Yanapatikana wapi?"

Januari 2018 alianzishiwa insulini, akapewa karatasi iliyoandikwa aiweke kwenye friji. Hakuna aliyemuuliza kama anayo. Jirani yake, muuza nyama, akamfungulia friza ya bucha. "Lete, Hamira. Italala na maini, hawatagombana." Miezi saba dawa iliganda humo, na kila alfajiri marehemu aliiyeyusha kwapani, huku macho yakiingia ukungu na mguu ukimwacha taratibu, kama mgeni anayeona haya kuaga.

Tarehe 30 Agosti, wodini, muuguzi aliuliza dawa ilikuwa ikikaa wapi.

"Kwangu, sista," muuza nyama alijibu kwa fahari. "Inakuwa jiwe kabisa."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba insulini ikishaganda imekufa, hata iyeyushwe vipi. Muuza nyama akakaa sakafuni.

Marehemu akamwita kitandani. "Wewe ulinipa baridi yote uliyokuwa nayo. Hospitali walinipa karatasi." Akaagiza maneno hayo yasomwe leo mbele ya watu, jirani yake asije akanyooshewa kidole. Alitutoka tarehe 6 Septemba, asubuhi, akitabasamu usingizini.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na ndugu mmoja asiye wa damu, ambaye hajafungua bucha wiki nzima na sasa amesimama nje ya geti.

Baba mdogo, ingia. Jina lako limo kati ya wafiwa, na upande wa kulia wa jeneza anahitajika mtu mmoja wa kubeba.

Hamira apumzike kwa amani. Hatumwinui mpaka ufike.