Majagi Mawili ya Mwalimu wa Hesabu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kumeza vumbi la chaki, mwalimu wetu wa hesabu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Chaki zimekwisha, yeye bado. Wenye digrii waliombwa waandike wasifu huu, wakajifanya wana kazi nyingi, ukaniangukia mimi, mpishi wa shule niliyeishia darasa la sita. Basi vumilieni.

Alikuja mwembamba kama mwiko, na sauti ya kubembeleza mtoto. Muhula wake wa kwanza darasa la tano lilianguka lote kwenye kujumlisha sehemu. Nusu ukiongeza theluthi, wao wanajibu mbili ya tano: juu kwa juu, chini kwa chini, kazi kwisha. Mwalimu mkuu wa wakati ule akamwambia waziwazi kwamba Jumatatu atakuja mwenyewe kukaa nyuma darasani, na watoto wasipoelewa, mwalimu afungashe.

Jumatatu akaja jikoni kuniazima majagi mawili ya kioo yanayolingana. Nikampa, nikamfuata hadi dirishani. Umbea nao ni kazi. Jagi moja akalitia maji nusu, la pili theluthi. Akauliza, yakimiminwa pamoja yatafika wapi? Darasa zima likaimba mbili ya tano, na mimi dirishani nikaitikia kuwashinda wote. Akauliza tena, taratibu, inakuwaje nusu iongezewe maji halafu ipungue. Watoto wakaanza kuhesabu vidole. Hata mwalimu mkuu kule nyuma akahesabu vyake.

Akayachora majagi yote mawili mistari, kila moja vipande sita sawasawa. Nusu ikawa vipande vitatu, theluthi viwili. Akamimina. Maji yakapanda, yakasimama kwenye mstari wa tano kama yameamriwa. Watoto walipiga kelele hadi kuku wangu wakaruka ua. Mwalimu mkuu akatoka, na habari ya kufungasha haikusikika tena.

Mimi sikuamini. Nikarudia jikoni kwa bilauri mbili nilizozichora vivyo hivyo, nikatia maziwa: palepale. Kwa mchele: palepale. Nikakaa juu ya gunia, mdomo wazi. Nimepika maisha yangu yote, sijaona kitu kinachotii namna ile.

Vipande visivyolingana havijumlishwi mpaka vikatwe saizi moja. Somo hilo nimelitumia hata kuwapatanisha mashemeji.

Mwalimu, asante. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wabishi. Majagi yangu hujayarudisha hadi leo, baki nayo. Kumbuka tu kwamba juu ya ule mstari wa tano ilibaki nafasi ya kipande kimoja. Hapa kwetu nafasi hiyo hatumpi mtu mwingine. Ni yako, siku ukija kutusalimu.