Efekti za Kwenda Nazo Ukweni

Benchi lenyewe ni la chuma, limepigiliwa nje ya duka la kufulia nguo pale Adelphi, Marekani, chini kabisa ya tundu la ukutani linalotema joto la mashine za kukaushia. Jumamosi mchana, watu wakifua nguo za wiki nzima, mvuke wa sabuni unashuka hapo taratibu na kukukalia kichwani. Uchanganye na kahawa ya tangawizi ya Balozi, unaanza kuota macho yakiwa wazi. Balozi ni mzee Wambura. Hajawahi kuwa balozi, alikuwa dereva wa ubalozi, lakini jina likishakukaa limekukaa. Pembeni yake kuna Patron, yaani Venuste, Mkongo wa Uvira anayehudumia wagonjwa majumbani na kutoa ushauri bila kuombwa. Halafu Spidi, Jerotich wa Eldoret, dereva wa teksi, asiyependa kitu kinachochukua muda. Siku hiyo maua ya micheri yalikuwa yanaanguka kwenye magari kama vile kuna mtu anachambua pamba huko juu. Katikati ya benchi alikaa Fredy, wanayemwita Dairekta, laptop ikiwa juu ya kapu la nguo lililopinduliwa. Mwili Adelphi, moyo Tarime.

Tarime ndiko kwa kina Elieth, binti anayetaka kumwoa. Baba yake alimwambia mshenga: barua ya posa nimeisoma, sasa nataka nimwone huyo kijana. Na Fredy karatasi zake za ukaazi bado hazijatoka. Akitoka Marekani, kurudi ni ndoto. Ikabidi ajitambulishe kwa video. Gervas, mshenga, alishafika Tarime na blanketi la mzee, na kesho wakitoka kanisani angemwekea mzee simu mkononi. Mzee ameshasema ataangalia mara moja tu, hana muda wa sinema. Kwa hiyo video lazima itumwe leo.

Klipu zilikuwa tatu, zote alizirekodi hapo hapo parking kabla blanketi halijasafiri. Ya kwanza anatembea, ya pili anasalimia, ya tatu ananyoosha blanketi kuelekea kamera kama anamkabidhi mzee. Basi. Lakini kijiwe kikishaona kitu, hakiwezi kukiacha kilivyo.

— Hii kutembea ni mubaya, alisema Patron. Weye unatoka kuume unaenda kushoto.

— Kwa hiyo? aliuliza Fredy.

— Mutu anayeenda kushoto anarudia nyuma. Iko sawa vile mutu balifukuza kazi. Angalia filme zote. Mutu mwenye maendeleo anaenda kuume. Mukwe ataona: huyu kijana anarudi na misère yake, umasikini yake.

— Patron, hiyo umeisoma wapi?

— Haisomwake. Inaonekanaka.

Fredy akatafuta efekti ya kugeuza picha kama kwenye kioo. Akaiweka. Kweli bwana, akaanza kutembea kuelekea kulia, na akajiona kama mtu mwenye safari.

— Sasa utarudia hiyo kitu kwa kila klipu? alidakia Spidi. Manze, tutalala hapa. Si kuna button ya kuweka kwa zote? Finya hiyo.

Akaibonyeza, na kila efekti iliyofuata ikaenda hivyo hivyo, kwenye zote, bila kuuliza.

— Punguza mwendo pia, Patron alisema. Mutu mukubwa hakimbiake. Umeshaona président anakimbia?

— Nimewaona wakikimbia, alisema Balozi. Tena usiku, na masanduku.

Balozi alikuwa ameipa laptop mgongo tangu mwanzo, uso barabarani, anapuliza kahawa. Alishasema hataki kuiona hiyo video hata kwa bahati mbaya.

— Mtu anajitambulisha kwa miguu, aliendelea. Unafika, unavua viatu, unakaa kwenye kigoda kibovu, wanakuacha usubiri mpaka makalio yafe ganzi. Hapo ndipo wanakujua. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapa, Balozi?

— Inaingia. Wewe hujaenda, mwenyeji atapona na nini?

— Miguu ninayo, mzee wangu, alisema Fredy. Kilichofungwa ni karatasi.

Mashine ndani zikabadilisha mzunguko. Fredy akapunguza mwendo, na yule Fredy wa kwenye kioo akawa anaelea, mguu unashuka kama umekumbuka kitu njiani. Hata salamu ikavutika, ikawa mlio mzito usio na mwanzo wala mwisho.

— Buda, anasalimia kama msee anazama kwa maji, alisema Spidi.

— Iko sauti ya mutu mwenye mali, alisema Patron.

— Sawa, lakini hiyo pipa ya taka nyuma yake lazima iende, alisema Spidi. Weka ukungu. Matangazo ya benki yote yako na ukungu, ama hamjaona? Pesa ikiwa mingi lazima kuwe na ukungu kidogo. Na wazee walisema mficha uchi hazai. Ndio maana tunaificha.

— Spidi, hiyo inasema usifiche, alisema Fredy.

— Inasema uchi. Pipa si uchi.

Ukungu ukaingia, wa zambarau, laini. Pipa likazama. Halafu maua, kwa sababu Patron alisema yanayoanguka yenyewe ni machache na hayana adabu. Halafu Patron akasimama kabisa, kikombe mkononi.

— Sikia. Yale maua, yarudishe juu.

— Juu wapi?

— Juu kwa muti! Yatoke chini, yapande, yajipachike tena. Mukwe akiona vile, atajua huyu kijana anarudishaka anachokamata. Binti wake hatapotea. Atapanda tu, atapanda, mpaka kwabo.

Fredy akageuza maua, na kweli yakaanza kupanda. Sasa alikuwepo kijana mmoja mrefu kuliko alivyo, amevaa mwanga mabegani, anatembea polepole kwenye wingu huku maua yakiondoka ardhini kumpisha. Fredy alimtazama yule kijana akampenda. Akamwona anaingia uwanjani kwa kina Elieth bila kugusa vumbi, mbwa hawabweki, mama anatoka jikoni na mwiko mkononi anasahau alichofuata. Huyo hawezi kukataliwa, aliwaza. Huyo hata mimi ningempa binti.

— Hamjambo hapa? Hilo benchi lina nafasi?

Alikuwa mama mmoja aliyevalia sare za hospitali, mfuko wa nguo begani, amechoka mpaka kwenye kope. Akajitaja Honorata, mtu wa Musoma, anasubiri mashine ya tisa imalize. Spidi akasogea kumpisha, Balozi akamjazia kikombe. Fredy, kwa kiburi kile cha mtu anayetoka ndotoni, akamgeuzia laptop.

— Mama, wewe ni wa kule kule Mara. Hebu niangalie kwa macho ya ukweni.

Mama Honorata akaangalia yote mpaka mwisho, bila kucheka.

— Maua mazuri, alisema. Ila baba wa watu umemkosea nini mpaka unampa blanketi kwa mkono wa kushoto?

Kahawa ilikuwa njiani kwenda mdomoni kwa Patron. Ikabaki njiani.

Fredy akarudisha nyuma. Mkono wa kushoto. Tena umenyooka vizuri, kwa mwendo wa pole, mzee apate muda wa kuuhesabu vidole.

— Lakini nilimpa kwa kulia! Na kushoto nikashika kiwiko, kama inavyotakiwa! Nakumbuka!

— Ni ukungu, alisema Patron haraka. Ukungu unapindishaka viungo.

— Ni maua, alisema Spidi. Ukirudisha maua nyuma si hata mkono inarudi nyuma?

— Tarime, alisema Balozi kuiambia barabara, kwa hilo blanketi ungerudishiwa na fimbo juu yake.

Fredy akafungua orodha ya efekti. Zilikuwa zimebebana kama masufuria ya jana, na kila moja ina alama ya kijicho pembeni. Ukikibonyeza kinafumba, efekti inalala. Hakujua mkosaji ni yupi. Akaanza kufumba kuanzia juu. Maua ya kupanda: yakatoweka, mkono bado wa kushoto. Mwanga mabegani: ukazima, mkono bado. Ukungu ukaondoka, pipa likarudi na mfuniko wake wazi. Mwendo ukarudi wa kawaida, mkono bado. Kikabaki kijicho kimoja, chini kabisa, kile cha kioo. Akakifumba.

Kila kitu kikakaa. Kijana wa kadiri, shati la bluu limepigwa pasi mpaka linang'aa, jasho kwenye pua. Anatembea kwenda kushoto, haraka kidogo, kama mtu anayeogopa kuchelewa. Anasimama. Blanketi mkono wa kulia, kiwiko kimeshikwa.

Fredy akataka kukifunika kioo cha laptop kwa kiganja.

— Acha, alisema mama Honorata. Na huyu je? Mlikuwa mnamficha ana kosa gani?

Patron akaangalia ndani ya kikombe. Mwaka jana alituma Uvira picha yake ameegemea gari la jirani. Spidi akakumbuka kwamba anasubiriwa mahali, lakini hakuondoka. Fredy akatafuta kosa la yule kijana, akalitafuta kwa dhati kabisa, usoni, kwenye shati, kwenye mikono. Mvuke wa sabuni ukawa unawashukia tu.

Video ikajirudia yenyewe, ikafika kwenye klipu ya salamu.

— Shikamoo, baba, ilisema laptop, kwa sauti ya kawaida.

Halafu yule kijana akanyamaza na kuinamisha kichwa, akasubiri.

— Marahaba, mwanangu, alisema Balozi, bila kugeuka. Karibu ukae.

Hakuna aliyecheka. Fredy akaituma hivyo hivyo.