Mama Nyongeza Anaaga Safu ya Tatu

Baada ya miaka ishirini na mbili bungeni, yote akiwa safu ya tatu upande wa upinzani, Mama Nyongeza anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Kipindi chake kilikuwa kimebakiza mwaka na nusu, lakini daktari wake amemwambia wazi kwamba presha yake haisubiri uchaguzi. Anayeandika haya amekuwa karani wa ofisi yake ya jimbo kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo msomaji asitegemee maneno yasiyo na upendeleo.

Jina hilo alipewa na waandishi wa habari, kwa sababu hakuna waziri aliyewahi kumjibu akaketi bila yeye kusimama tena na swali la nyongeza. Wengi walimchukulia kuwa mtu asiye na woga. Sisi wa ofisini tunajua kwamba kabla ya kila kikao woga ulimnyima kula, na chai yake ya asubuhi ilipoa bila kuguswa. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alizoea kutupigia simu saa nne kutuuliza kama mkewe ameshakula chochote. Jibu lilikuwa hapana.

Kabla ya siasa alikuwa mkunga. Mpaka leo akisikiliza shida ya mtu humshika kifundo cha mkono, na wananchi wengi wamezieleza habari za bomba lililopasuka au hati ya kiwanja huku wakihesabiwa mapigo ya moyo.

Siku ya kusikiliza wananchi ilikuwa Jumatano, katika vyumba vyetu viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Jimbo letu linapakana na uwanja ambao jeshi hufanyia mazoezi ya mizinga, na kwa miaka sita watu wa upande huo walituletea habari zilezile: kuta zimepata nyufa, mbuzi wamekufa, jembe limegonga chuma. Naye, akiwa waziri kivuli wa ulinzi, alizipeleka bungeni. Kila mara Waziri alijibu kwamba hakuna kombora lililowahi kuvuka mpaka wa uwanja, na kwamba mwenye ushahidi aulete.

Mkulima mmoja wa mahindi, mama wa watoto wanne, aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Jumatano moja ya Machi alipanga foleni na wenzake akiwa na ndoo iliyofunikwa gunia. Zamu yake ilipofika aliketi mbele ya mbunge, akaipakata ndoo, akafunua. Ndani mlikuwa na kombora zima ambalo halijalipuka, na udongo wa shambani bado umeganda mkiani. Alikuwa amesafiri nalo kilomita nane, nusu ya njia akiwa nyuma ya baiskeli ya shemeji yake.

Mama Nyongeza hakupiga kelele. Kwa sauti ya chini aliniagiza niwatoe watu wote, niwatoe na wa dukani chini, kisha nipige simu kambini. Hapo ndipo mkulima alipoelewa amebeba nini. Akataka kuinuka aitue ndoo sakafuni.

“Usiinuke, dada,” mbunge alimwambia. “Kaa hivyohivyo. Na mimi siinuki.”

Walikaa saa moja na dakika arobaini. Sisi tulikuwa ng'ambo ya barabara tukilitazama dirisha. Mkulima alitusimulia baadaye kwamba mbunge alitetemeka kuliko yeye, hata akaiondoa mikono juu ya meza asije akaitikisa. Ikabidi mwenye ndoo amtulize mwenye ofisi, akamweleza habari za mbegu na viwavi mpaka wataalamu wa mabomu walipofika.

Kapteni aliyewaongoza aliinyanyua ndoo mwenyewe. Kombora lilikuwa zima kweli. Walililipua kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji, na vioo vyetu viliitikia. Mama Nyongeza alimwomba kapteni aandike alichokipokea na lilikotoka. Aliandika, akatia sahihi, kisha akaishikilia karatasi kidogo kabla ya kuitoa.

“Nimeandika kilicho kweli, mheshimiwa,” alisema. “Ila hiyo sahihi ni riziki ya wanangu.”

Wiki mbili baadaye Mama Nyongeza alisimama bungeni akaeleza habari ya ndoo. Waziri alikana. Spika akamtaka aweke ushahidi mezani au afute kauli. Mimi nilikuwa juu, mahali pa wageni, na nilijua karatasi imo mkobani. Nilimwona akiufungua mkoba. Kila kinachowekwa mezani husomwa na wote, na sahihi ile ilikuwa na jina. Akaufunga.

“Mheshimiwa Spika, ushahidi ninao,” alisema. “Siwezi kuutoa bila kumwumiza mtu aliyesema kweli. Na kauli yangu siifuti.”

Alifungiwa vikao kumi. Upande wa pili walimzomea, magazeti yakamchora amebeba ndoo tupu, na baadhi ya wenzetu chamani walimnunia kwa kuuacha ushindi uliokuwa mkononi. Uso wake ulikonda. Aliniuliza mara kadhaa kama alikuwa amewauza wapiga kura wake ili kumwokoa mtu mmoja.

Jibu lilitoka mashambani. Wakulima thelathini na mmoja, mwenye ndoo akiwa mbele, waliandika barua kuiomba Kamati ya Ulinzi ya Bunge ije yenyewe itembee mashambani. Kamati ilikuja, wajumbe wa pande zote. Katika shamba la pili mwenyekiti aliona mkia wa chuma hatua tatu mbele ya kiatu chake, akawaamuru waheshimiwa wote warudi kwa kukanyaga nyayo zao wenyewe. Mwaka huo mpaka wa uwanja ulirudishwa nyuma kilomita mbili, uzio ukajengwa upande wa kusini, na ratiba ya mazoezi ikaanza kubandikwa shuleni na zahanati. Hakuna aliyemwomba radhi. Kapteni alimaliza utumishi wake salama.

Upande wa kaskazini hauna uzio hadi leo, na watoto wanapita hapo kwenda shule. Swali lake kuhusu uzio huo limepangwa Jumanne, tarehe 4 Julai, siku nne baada ya yeye kuondoka, na kwa kanuni swali hufutika mwenye swali akiondoka bungeni. Jambo hili lilimkosesha usingizi mwezi mzima, na sisi pia.

Alhamisi iliyopita alibisha hodi ofisini kwetu mbunge wa chama tawala, askari mstaafu, ambaye siku ile ya kufungiwa alizomea kuliko wote. Hakuketi. Aliomba swali lihamishiwe jina lake. Kisha akatoa kalamu, akaomba asomewe na la nyongeza.

Asante, Mama, kwa miaka ishirini na mbili ya kuogopa na kusimama hivyohivyo. Tunakuombea presha ishuke, usingizi urudi, na chai uinywe ikiwa ya moto. Jumanne hiyo redio ya ofisi itakuwa wazi tangu saa tatu. Nawe ukifungua ya kwako, tafadhali sikiliza ukiwa umeketi.